Njia za milimani: jinsi ya kuchagua inayolingana na miguu yako

Karibu kila mji wa mapumziko wa milimani una ubao mkubwa wa ramani pale wageni wanaposhukia, umejaa mistari ya rangi inayoanzia mjini na kupotelea vileleni. Mgeni huusogelea, huangalia kilomita, kisha huchagua. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, maana kilomita ndiyo namba inayosema machache kuliko zote. Kilomita 8 kando ya ziwa ni matembezi ya asubuhi ya mtu na mtoto wake. Kilomita 8 zenye kupanda mita 1,000 ni kazi ya kutwa, na mapaja yataidai siku mbili baadaye.

Njia yoyote iulize maswali manne: inapanda jumla ya mita ngapi, inashuka mita ngapi, ardhi yake ikoje chini ya mguu, na je, kuna mahali ambapo mtu akiteleza ataporomoka badala ya kukaa kitako tu? Angalia neno "jumla". Njia inayopanda mita 200, ikashuka 150, kisha ikapanda 300, ina mita 500 za kupanda, ingawa kilele chake kiko mita 350 tu juu ya ulipoanzia. Mabango mengi huandika kimo cha kilele na kuuachia mguu wako ugundue mabonde ya katikati.

Rangi na alama: usidhani zinafanana kila nchi

Uswisi, kibao cha njano ni njia ya kawaida ya miguu. Alama ya nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlimani, yenye miteremko mikali na sehemu za kuhitaji uangalifu. Nyeupe-buluu-nyeupe ndiyo ngumu kuliko zote: miamba, theluji, mahali pa kushika kwa mikono. Vuka mpaka uingie Austria, na buluu hiyo hiyo inakuwa njia rahisi ya mlimani, nyekundu ya wastani, nyeusi ngumu. Aliyejifunzia rangi upande mmoja anaweza kujikuta kwenye genge upande wa pili akiwa amevaa raba za mjini. Ufaransa nako, mstari mweupe juu ya mwekundu unakuambia kwamba uko kwenye mojawapo ya njia ndefu za taifa, basi, ugumu hauutaji. Mistari hiyo hiyo ikichorwa kama msalaba, maana yake umekosea, rudi.

Kipimo kinachosaidia zaidi ni kile cha klabu ya wapanda milima ya Uswisi, kinachoanzia T1 hadi T6. Programu nyingi za ramani hukitumia hata nje ya Uswisi. T1 ni njia pana isiyo na hatari ya kuanguka. T2 ina mwinuko mkali hapa na pale lakini kijia kinaonekana mwanzo hadi mwisho. T3 ina sehemu zilizo wazi upande mmoja, pengine zimefungwa kamba au minyororo, na mkono utahitajika kujiegemeza. Kuanzia T4 mikono inafanya kazi pamoja na miguu na kijia huweza kutoweka. Kwa asiye na uzoefu, T2 ni mpaka wa kuuheshimu hadi atakapokuwa amemaliza kadhaa bila kutetemeka. Marekani wana madaraja 1 hadi 5: la 1 ni kutembea, la 3 ni kupanda kwa mikono, la 5 ni kamba na vifaa.

Kibao kikisema tu "rahisi" bila kipimo chochote, kichukue kama maoni ya mtu mwenye afya njema, kwenye ardhi kavu, asiye na mzigo mgongoni.

Hesabu ya saa

Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo bado inatumika: saa 1 kwa kila maili 3, ongeza saa 1 kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa mita, ni kama kilomita 5 kwa saa, pamoja na saa 1 kwa kila mita 600. Ni kanuni ya watu wenye miguu mizuri. Watu wa Alps, milima ya Ulaya, wanaoweka vibao vya njia hutumia nyingine, ya kiungwana zaidi: kilomita 4 kwa saa kwenda mbele, mita 300 kwa saa kupanda, mita 500 kwa saa kushuka. Unapata saa za mbele na saa za juu-chini, unachukua iliyo kubwa, kisha unaongeza nusu ya iliyo ndogo.

Tuseme njia ni ya kwenda na kurudi, kilomita 14 kwa jumla, kupanda mita 900 na kushuka 900. Kwenda mbele: 14 gawanya kwa 4, saa 3.5. Kupanda: saa 3. Kushuka: saa 1.8. Juu-chini ni saa 4.8. Iliyo kubwa ni 4.8, nusu ya 3.5 ni 1.75, jumla saa 6 na dakika 33. Kwa Naismith njia hiyo hiyo ingekuwa saa 4 na dakika 18. Tofauti ni zaidi ya saa mbili, na ndani ya saa hizo mbili ndimo giza na radi huwakuta watu. Kundi lenye watoto, wazee au mtu aliyekaa ofisini mwaka mzima lichukue hesabu ndefu, na bado liongeze dakika 10 za kupumzika kwa kila saa.

Endelea na mfano huo. Kupanda peke yake ni saa 3 na dakika 52, kushuka saa 2 na dakika 40. Ukianza saa moja asubuhi, pamoja na mapumziko utafika juu kwenye saa tano na nusu, utakula, utaanza kushuka saa sita, na saa tisa alasiri uko mjini umevua viatu. Ukianza saa tatu baada ya kifungua kinywa cha taratibu, utakuwa kileleni saa saba na nusu mchana, wakati mawingu yanajikusanya, na utafika chini saa kumi na moja ikiwa hakuna lolote lililokwenda kombo.

Kabla ya kuondoka, kundi likubaliane saa ya kugeuka na kuitamka kwa sauti. Kwa mfano huu iwe saa saba mchana. Ikifika saa saba mnarudi, hata kama kilele kinaonekana, hata kama kimebaki "dakika ishirini". Dakika ishirini za kutazama kwa macho huko juu mara nyingi ni saa nzima kwa mguu.

Nani aende wapi

Anayeanza kabisa, mwenye mtoto mdogo, au aliyefika jana kutoka ukanda wa chini: tafuta njia isiyozidi kilomita 6, kupanda kusizidi mita 150, iwe na mahali pa kugeuzia kila baada ya muda mfupi. Njia za kando ya mto, za kuzunguka ziwa, na barabara za zamani za msituni ndizo zinazofaa. Zinazokwenda kwenye maporomoko ya maji ni nzuri ila zina mtego wake: mita 200 za mwisho huwa na mawe yenye ukoga na unyevu wa kudumu, na watu hutoka kwenye kijia ili wapige picha. Kama mwenzako anatumia kiti cha magurudumu au unasukuma kigari cha mtoto, usiridhike na neno "tambarare". Uliza upana wa njia, kama ina mageti au ngazi, na kama juu ni lami, udongo ulioshindiliwa au kokoto.

Anayetembea mara kwa mara na ana pumzi ataweza kilomita 8 hadi 12 na mita 300 hadi 600 za kupanda, ngazi ya T2. Hapa ndipo penye utamu wenyewe, kusema kweli. Mandhari nyingi nzuri ziko kwenye kundi hili na wengi huliruka kwa tamaa ya kilele. Njia ikiwa ya mzunguko, chagua upande. Kwa kawaida panda penye mwinuko mkali na shuka penye mteremko mpole, kwa kuwa kupanda kunachosha mapafu lakini kushuka ndiko kunakoumiza magoti.

Kutoka mita 800 hadi 1,200 za kupanda ni siku nzima. Kipimo chake ni hiki: je, umeshawahi kupanda mita 600 na kesho yake ukatembea bila kuchechemea? Kama bado, ngoja. Na njia za T4 kwenda juu, au zile za kupanda kwa kujifunga kwenye nyaya za chuma, si mahali pa kujifunzia peke yako. Chukua mwongozaji mwenye leseni, na kwenye nyaya vaa kofia ngumu na mkanda wenye kamba maalumu za kupunguza mshtuko. Kamba ya kawaida haifai: unapoanguka juu ya waya unateleza hadi kwenye kishikizo cha chini yako kabla ya kusimama, na mvutano huo unaweza kuikata.

Kundi likiwa la mchanganyiko, njia inachaguliwa kwa yule dhaifu zaidi, na yeye ndiye anayetembea wa pili kutoka mbele. Mkimwacha mwisho, kila akiwafikia nyinyi mmeshamaliza kupumzika, mnaondoka, naye hapati hata dakika.

Gari la kebo hubadilisha hesabu. Kupanda nalo na kushuka kwa miguu kunaonekana ni kwa wavivu, kumbe mita 1,000 za kushuka mfululizo kwa miguu isiyozoea ni adhabu. Afadhali kinyume chake: panda kwa miguu, shuka na gari. Ila andika saa ya gari la mwisho, na uliza kama husimama upepo ukivuma, maana husimama.

Kusoma mistari ya ramani

Mistari ya kontua huunganisha sehemu zenye kimo kimoja. Ikibanana ni mwinuko mkali, ikiachana ni pole. Kwa ramani ya 1:25,000, sentimita 1 ni mita 250 ardhini. Tuseme kontua zimetengana kwa mita 10. Weka rula juu ya kijia, si juu ya mlima. Ukihesabu mistari 3 ndani ya sentimita moja, unapanda mita 30 kwa mita 250, yaani asilimia 12: mwinuko wa kutembea huku mnaongea. Mistari 6 ni asilimia 24, na hapo maneno yatapungua. Mistari 10 ni asilimia 40, karibu kama ngazi. Kijia kikikata mistari kwa zigizaga, mwenye kukichonga alikuhurumia. Kikikata moja kwa moja, jiandae, hasa wakati wa kurudi na kama mvua imenyesha.

Pakua ramani kwenye simu ukiwa bado na intaneti mjini. Simu hupokea setilaiti za GPS hata ikiwa imezimwa mtandao, kwa hiyo iweke katika hali ya ndege ili betri isiliwe na kutafuta minara isiyokuwepo. Ibebe mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu baridi hunyonya betri. Na ramani ya karatasi haizimiki.

Miguuni

Kwa T1, raba zenye soli ya kung'ata zinatosha. Kuanzia T2 tafuta soli yenye meno makubwa na ncha ya mbele ngumu. Jaribu buti jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazovaa. Pale dukani simama juu ya kitu chenye mteremko: vidole vikigusa mbele, ni ndogo. Usifike mlimani na buti mpya zisizowahi kutembea.

Lengelenge halitokei ghafla. Linaanza kama joto sehemu moja, kwa kawaida kisigino au ubavu wa kidole kidogo. Ukilihisi joto hilo, simama papo hapo, hata kama kundi linanung'unika. Vua, kausha ngozi, toa mchanga, bandika plasta pana isiyo na mikunjo, nyoosha soksi vizuri, funga tena. Ni dakika tano. Ukisema "nitaangalia tukifika", utafika na ngozi imeshachubuka.

Kamba za viatu hufungwa tofauti kupanda na kushuka. Wakati wa kupanda legeza kidogo sehemu ya juu ili kifundo kikunjike. Kabla ya kushuka, gonga kisigino chini mara mbili tatu ili mguu urudi nyuma ndani ya buti, kisha kaza kamba kwa nguvu pale zinapovuka juu ya unyayo, na juu funga imara. Hivyo vidole havigongi mbele. Wanaorudi na kucha nyeusi ni wale walioruka hatua hii.

Mkobani

Shanta ya lita 20 hadi 30 inatosha siku moja. Maji kadiria nusu lita kwa kila saa ya kutembea, zaidi kukiwa na jua kali. Kwa njia ya saa sita ni lita 3, na hizo ni kilo 3, kwa hiyo angalia ramani kama kuna kibanda au chemchemi ya kujazia. Chakula kiwe cha kuliwa kidogo kidogo. Koti la mvua na nguo moja ya joto usiziache hata jua likiwaka: hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo nyuzi 22 za mjini ni nyuzi 16 hivi ukiwa mita 900 juu yake, kabla ya kuongeza upepo na jasho. Pamba ikilowa hubaki baridi mwilini. Vaa sufu au kitambaa cha sintetiki ndani. Kofia, miwani na mafuta ya kuzuia jua ni muhimu, kwani mionzi ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000. Kisha tochi ya kichwani, filimbi, plasta na bandeji, blanketi jembamba la foili. Tochi ndiyo inayoachwa kuliko vyote, kwa sababu kila mtu anaamini atarudi mchana.

Fimbo za kutembelea hupimwa hivi: kwenye tambarare kiwiko kiwe pembe mraba. Zifupishe kwenye kupanda, zirefushe sentimita 5 hadi 10 kwenye kushuka.

Radi, theluji na kichwa kuuma

Milimani wakati wa kiangazi asubuhi huwa safi, na mchana ardhi ikishapata joto mawingu hupanda kama koliflawa. Yakianza kurefuka kwenda juu na chini kuwa meusi, shuka kutoka kwenye ukingo wa mlima bila mjadala. Hesabu kutoka mwako hadi ngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita 1. Sekunde 30 au chini yake, uko ndani ya hatari. Usijifiche chini ya mti ulio peke yake wala kwenye mdomo wa pango. Achana na minyororo na nyaya za chuma. Tawanyikeni, kila mtu achuchumae miguu ikiwa pamoja. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Mwanzoni mwa kiangazi, theluji hubaki kwenye makorongo yasiyopata jua. Asubuhi ni ngumu kama kioo, na utelezi wa mita tano juu yake unaweza kuishia kwenye mawe. Kama huna vifaa, geuka. Vijito vinavyolishwa na theluji hujaa alasiri, hivyo kivuko ulichoruka kwa urahisi asubuhi kinaweza kukufika magotini ukirudi.

Kuanzia mita 2,500 hivi, mwili huanza kulalamikia uhaba wa oksijeni: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, usingizi wa mang'amung'amu. Mwenye afya kamili hana kinga, wala kijana hana. Kama mji wenyewe uko juu, siku ya kwanza tembea njia fupi. Kichwa kikiuma usipande zaidi, kisipotulia, shuka. Mtu akipepesuka kama mlevi, akachanganyikiwa, au akakosa pumzi hata akiwa amekaa, ni dharura: ateremshwe sasa hivi, hata kama ni usiku. Kwa safari za siku kadhaa juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila siku ya tatu au ya nne iwe ya mapumziko.

Kushuka na kuomba msaada

Ajali nyingi za watembeaji hutokea wakati wa kushuka, miguu imechoka na akili imeshafika hotelini. Piga hatua fupi, kunja magoti kidogo, uzito uwe juu ya nyayo. Hofu hukusukuma uegemee nyuma, na kuegemea nyuma ndiko kunakoisukuma soli mbele hadi iteleze. Kokoto ndogo juu ya mwamba mgumu ni sawa na kukanyaga golori. Kanyaga penye mawe makubwa yaliyokaa, au penye nyasi kando. Jiwe likikuponyoka, piga kelele kwa walio chini, hata kama humuoni mtu.

Mkipotea, rudini kwa nyayo zenu hadi alama ya mwisho mliyoiona. Msifuate kijito mkidhani kitawashusha mjini: vijito vya milimani hupenda kumalizikia kwenye genge.

Mjini acha ujumbe kwa mtu: njia gani, wangapi, saa ya kurudi, na saa ya kupiga simu ya uokoaji kama hamjatokea. Barani Ulaya namba ya dharura ni 112. Pasipo mtandao, tumia filimbi au tochi: ishara 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Anayekujibu atatoa ishara 3 kwa dakika. Amerika ya Kaskazini ishara ya kuomba msaada ni milio mitatu. Helikopta ikikaribia, funga kila kitu kinachopeperuka, simama mgongo ukiwa kwenye upepo, na inua mikono yote miwili juu ikiwa unahitaji msaada. Mkono mmoja juu na mwingine chini maana yake huhitaji, kwa hiyo usimpungie rubani kwa furaha: anaweza kukuelewa vibaya akaondoka.